Kwa Nini Kiroboto Huingia Nyumbani kwa Mgongo wa Mbwa

Hapo kale, kabla mbwa hajajua kujikuna, Kiroboto alikuwa mnene, wa mviringo kama punje ya kunde. Alitembea polepole kwa miguu, na alikuwa na nyumba yake chini ya mawe huko milimani Upare. Alikuwa na kwake, na hakuna aliyemtoa.

Katika milima hiyo aliishi mjane mmoja, Nakijwa, pamoja na mjukuu wake mchanga aitwaye Namkunda, na pia mbwa na paka. Nakijwa alikuwa mwanamke msafi hasa. Alifagia alfajiri, akafagia tena jioni. Mbwa wake alilala mlangoni, paka alilala juu ya ghala la mahindi, na nyumba ilikuwa na amani.

Masika moja mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, maji yakajaa chini ya mawe. Kiroboto akaja kwa Nakijwa ameloa chepechepe, mkewe na watoto wawili wakimfuata.

"Mama, tusitiri," alisema. "Mvua ikikatika tunakwenda zetu."

Nakijwa aliwahurumia. Akawapa pembe moja karibu na mafiga, wakaota moto mpaka wakakauka. Mvua ikakatika, jua likawaka, Kiroboto asiondoke. Leo njia ina utelezi, kesho mke mjamzito. Wale wanne wakawa arobaini, na kabla mwezi haujaisha hawakuhesabika tena. Wakahamia uvunguni, wakajipenyeza katika mishono ya mkeka, wakaanza kunyonya damu ya wale wale waliowapokea.

Namkunda ndiye aliyeumia zaidi. Vipele vilimjaa kiunoni na miguuni. Alilia mchana kutwa, akakataa hata uji. Jirani mmoja, Nakiete, alikuja kumjulia hali. Hakukaa sana. Aliinuka akijikuna miguu, akasema, "Mwenzangu, siku hizi hufagii?"

Maneno hayo yalimchoma Nakijwa kuliko vipele. Yeye, wa kuambiwa hafagii! Jirani alipoondoka, alimgeukia mgeni wake. "Nani anamwuma mtoto wangu?"

Kiroboto alijibu bila haya. "Mama, mimi mgeni tu, sipendi kuingilia ya wenyeji. Lakini yule mbwa wako hushinda vichakani. Unadhani hurudi na nini?"

Nakijwa alimwamini. Alichukua mwiko akampiga mbwa, akamfukuza mpaka ng'ambo ya kijito. Mbwa hakubweka wala hakuuma. Aligeuka mara moja, akamtazama bibi yake, akaenda zake. Paka alipoyaona hayo, naye akatoka.

Siku tatu zikapita. Nyumba haikuwa na mbwa wala paka, na bado mtoto aliamka na vipele vibichi. Hapo ndipo Nakijwa aliposhtuka. Akamwinua mjukuu wake, akaufunua mkeka. Chini yake viroboto walikuwa wamejazana, matumbo yamewavimba kwa damu, na Kiroboto mwenyewe katikati yao, amelala chali, ameshiba.

"Kumbe ni wewe!" Nakijwa alimfokea. "Nimekupa moto ukaota, nimekupa pa kulala. Unamnyonya mjukuu wangu, kisha unanipigisha mbwa asiye na kosa?"

"Usikasirike, mama. Tulichukua kidogo tu."

"Kidogo? Damu ya mtoto mchanga unaiita kidogo?"

Akambana katikati ya kucha mbili za vidole gumba, akakaza kwa nguvu zake zote. Kiroboto akawa bapa ubavu kwa ubavu, lakini hakufa. Aliteleza akaanguka chini. Nakijwa hakumwangalia mara mbili. Alitoa mikeka na ngozi zote akazianika juani. Akachemsha maji, akayamwaga katika nyufa za uvunguni. Akafagia kila pembe, kisha akamwaga jivu la moto sakafuni kote. Viroboto wengi walikufa papo hapo. Wachache waliobaki, nyayo zikiwaungua, walirukaruka mpaka wakatoka nje. Siku hiyo ndiyo waliyojifunza kuruka.

Alipomaliza, Nakijwa alimfunga mtoto mgongoni akavuka kijito. Akawakuta mbwa na paka wamelala pamoja chini ya kichaka. Alipiga magoti.

"Nimekukosea," alimwambia mbwa. "Nilimsikiliza mgeni, wewe sikukuuliza. Rudi nyumbani."

Mbwa akainuka, akatikisa mkia, wakarudi wote. Lakini Kiroboto alikuwa amejibanza uani, kwenye vumbi. Mbwa alipopita aliruka, akazama katika manyoya yake. Watoto wake wakamrukia paka. Mbwa aliketi ghafla, akainua mguu wa nyuma, akajikuna kwa mara ya kwanza.

Nakijwa aliona. Safari hii hakuugusa mwiko. Alikaa kizingitini, akakilaza kichwa cha mbwa mapajani, akaanza kumpekua manyoya, tuta kwa tuta kama anayepalilia shamba, mpaka jua likazama.

Na tangu siku hiyo Kiroboto ni mwembamba, amebanwa mbavu, na hatembei bali huruka. Mbwa hujikuna, paka hujiramba kutwa, na watu huanika mikeka juani. Kiroboto hana nyumba tena, wala hakuna anayemfungulia mlango. Huingia akiwa amepanda mgongo wa mwingine, amejificha. Na akishikwa, hata awe na maneno matamu namna gani, hakuna anayemsubiri ayamalize.