Tope la Gharika

Jumamosi, tarehe tisa Machi, kulikucha kwa manyunyu, na ukungu ulitanda juu ya machimbo ya udongo wa matofali. Asubuhi hiyo mtaalamu wa mambo ya kale kutoka makumbusho ya mji aliingia shimoni akiwa na mwiko na brashi, akatoka akiamini ameiona Gharika ya Nuhu.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, yaani kila mtu hulielekeza jambo upande unaomfaa. Mtaalamu huyo aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Hakudhani ilimhusu.

Kaka yake alikuwa mhubiri. Mama yao alikuwa ameacha kusali tangu alipomzika mumewe. Alisema ameita mbinguni hadi sauti ikamkauka, asijibiwe. Kwa hiyo wafyatua matofali walipokuta tabaka la tope laini lenye makombe, yaani magamba ya viumbe wa majini, mhubiri alimfuata dada yake, yule mtaalamu, ofisini kabla ya Jumamosi hiyo, akamweleza kwamba mama akiona neno la Mungu limeandikwa ardhini, huenda moyo wake ukalainika.

"Siombi uongo, dada. Naomba uangalie tu."

"Kuangalia nitaangalia," alimtania. "Ila wewe ukiomba, hata jiwe huona haya kukunyima."

Kazi ya wataalamu wa mambo ya kale ina desturi yake. Shimo la kwanza huchimbwa penye dalili. La pili huchimbwa mbali, mahali ambapo dai la uongo litaumbuka. Tope la mto uliofurika huishia jirani na mto, lakini gharika ya dunia nzima haichagui upande wa barabara. Dada alichimba pale pale machimboni, ambapo waumini wa kaka yake walikuwa wameanza kwenda kuomba. Shimo la pili lilipaswa kuchimbwa kilimani, nyuma ya shule. Alisema ardhi ni mbichi mno, asubiri kiangazi. Moyoni aliogopa jibu.

Kaka alipomuuliza kama ni Gharika, alisema inaelekea ndiyo. Hilo "inaelekea" halikufika madhabahuni. Lilidondoka njiani kama sarafu idondokavyo kwenye tundu la mfuko. Jumapili iliyofuata mama alikuja ibadani, akaketi mbele, akaimba kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika. Binti yake alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo shimo la pili likawa zito kuliko mlima.

Kiangazi kilipofika hakuwa na kisingizio tena. Alichimba kilimani hadi mwamba. Ulikuwa udongo mwekundu mtupu, bila tope wala kombe. Akarudi kuyatazama kwa lenzi yale makombe ya kwanza, ambayo awali aliyatazama kwa tamaa, akaona ni ya konokono wa mtoni. Zamani mto ulipita pale machimboni, ukafurika, kisha ukahama.

Alikwenda na kaka yake kwa mama. Walimkuta akifuta meza. Binti alieleza yote bila kujitetea, na mama aliendelea kufuta mahali pale pale, palipokwisha kung'aa.

"Kwa hiyo ni mto tu."

"Ni mto, mama."

"Nilirudi kwa Mungu nimeshika tope lako, mwanangu. Sasa nishike nini?"

Mhubiri aliingilia kati, akasema imani haihitaji tope. Mama alimtazama kwa upole uliomuumiza kuliko kofi.

"Hayo ungeyasema kabla hujamtuma dada yako."

Jumapili baada ya hapo kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mtaalamu alikitazama, akatambua kwamba angemwomba Mungu subira badala ya ushahidi, huenda mama angerudi polepole kwa njia yake mwenyewe, asiwe na cha kunyang'anywa. Kaka yake aliwatangazia waumini kwamba alikosea, sauti ikimkatika, kisha akampisha dada yake.

Alisimama mbele yao, akaeleza habari ya kilimani na ya konokono.

"Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu," alisema, "kwamba nitakachokikuta ardhini nitakisema kilivyo, kinifurahishe au kinilize, na sitasema kabla ya kukipima. Kwa mama yangu nitakwenda kila siku, hata asiponijibu. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake; nami niliivuta mpaka ikapasuka."