Milango ya Wafalme wa Jabali

"Nagonga jiwe!"

"Jiwe na liitike!"

"Lisipoitika?"

"Gonga tena, sisi tupo!"

Basi limeitika. Waliokuwapo siku hiyo juu ya mlima wa mawe ni hawa. Alikuwapo Kibushuti, mfalme wa pimbi, wale wanyama wadogo wakaao katika nyufa za miamba. Kimo chake hakikumzidi kuku aliyeatamia. Alikuwapo Bi Sikitu, mkewe, mnono, mwenye mdomo mwepesi. Alikuwapo Mbiu, mlinzi, ambaye kazi yake ni kupiga mluzi adui anapotokea. Lakini jua lilikuwa tamu, akasinzia. Alikuwapo Mjusi, jina lake Kotwe, asiye raia wa mfalme yeyote. Na alikuwapo Chui, jina lake Mabaka, ambaye hakualikwa.

Alikuja kimya, nya, nya, nya, akaketi juu ya jiwe la mfalme.

"Hodi," akasema, akiwa ameshaketi.

"Karibu, Bwana Mabaka," akajibu Kibushuti. Akabaki amesimama mbele ya jiwe lake mwenyewe, kama mgeni.

"Kuanzia leo mfalme ni mimi. Kila asubuhi nitaletewa raia mmoja. Kesho naanza na huyu mama."

"Mimi?" Bi Sikitu akaruka. "Mimi mzee, baba! Nyama yangu kamba tupu!"

"Nitatafuna polepole."

Kibushuti akafumba macho. Ndani ya mlima tone la maji lilikuwa likidondoka, to... to... to... Sauti hiyo aliisikia tangu siku aliyozaliwa. Akaisikiliza mpaka mawe yakawa mepesi chini ya miguu yake, na kama mtu aotaye akasikia kinywa chake kikisema:

"Bwana Mabaka, ufalme nakupa. Lakini hilo ulilokalia ni jiwe la wageni. Kiti cha enzi kiko ndani, kwa wazee."

"Wazee gani?"

"Wafalme waliotangulia. Wamelala humo, kila mmoja na walinzi wake: pimbi wanono, hawajawahi kukimbia, hawajui jua."

Glu! Chui akameza mate. "Ni kweli haya?"

"Muulize Mjusi. Yeye si wa kwetu."

Chui akamgeukia Kotwe. Mjusi akainua kichwa, akakishusha, akakiinua, akakishusha, kama afanyavyo kila siku ya maisha yake.

"Amekubali," akasema Chui.

Bi Sikitu akamvuta mumewe kando. "Wewe Kibushuti, wafalme gani hao? Baba yako Changarawe namjua mimi. Alikufa kwa kuanguka mtini akila majani!"

"Nyamaza, mke wangu. Lete nta."

"Nta ya nini sasa?"

"Mbele ya wafalme wetu masharubu hulazwa," akasema Kibushuti kwa sauti, Chui asikie.

Chui gizani hupima njia kwa masharubu. Yakipita bila kugusa, mwili utapita. Yakigusa, hurudi nyuma. Bi Sikitu akampaka nta, akayalaza kushoto, akayalaza kulia, hata yakashikamana na mashavu.

"Umependeza, baba," akasema. "Bwana harusi mtupu."

Wakaingia, Kibushuti mbele, Chui nyuma, kru, kru, kru. Mlango wa kwanza ulikuwa mpana.

"Hapa amelala Mfalme Jabali. Kimo chake kilikuwa cha punda. Inama, mwamkie, upite."

"Shikamoo, Mfalme Jabali."

"Marahaba," akajibu Kibushuti kwa sauti nzito, kinywa amekielekeza ukutani. Chui akapita.

"Hapa amelala Mfalme Mwamba bin Jabali. Kimo chake kilikuwa cha mbuzi. Inama, mwamkie, upite."

"Mbona mnapungua?"

"Ni adabu, bwana. Kwetu mwana hampiti babake."

"Shikamoo, Mfalme Mwamba."

"Marahaba," akajibu Kibushuti. Chui akapita.

To... to... to...

"Hapa amelala Mfalme Jiwe bin Mwamba. Kimo chake kilikuwa cha mbwa. Inama, mwamkie, upite."

"Shikamoo, Mfalme Jiwe."

Kibushuti akafungua kinywa ili ajibu.

"Marahaba," ikasema sauti gizani.

Hakuwa yeye. Majina yale aliyaokota chini ya miguu yake, na sasa yalikuwa na wenyewe. Akawaona, au alidhani amewaona, wameketi ukutani, ndevu zao za kuvu nyeupe, mbele yao moto usio na moshi. Hakuogopa. Alijisikia kama mtoto aliyebebwa mgongoni, anayesinzia njiani kwenda nyumbani.

"Mbona umesimama?" akanong'ona Chui. "Walinzi wako wapi?"

"Mlango ujao. Hapa amelala Mfalme Kokoto bin Jiwe. Kimo chake kilikuwa cha kuku. Inama, mwamkie, upite."

"Shikamoo, Mfalme Kokota."

"Kokoto," akasema Kibushuti. "Taja jina sawasawa."

"Shikamoo, Mfalme Kokoto."

"Marahaba," likasema giza.

Chui akasukuma. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa shida.

"Panabana," akasema.

"Vuta pumzi, bwana. Vuta sana."

Chui akavuta pumzi, kifua kikajaa. Kwa! Akajaribu mbele, hakwenda. Akajaribu nyuma, hakwenda.

"Masharubu yangu hayakuniambia," akasema.

"Yamelala, bwana. Yako mbele ya wafalme."

"Wewe kibete! Nitakutafuna!"

"Polepole," akasema Kibushuti, akaenda zake.

Mbele yake palibaki mlango mmoja, tundu lenye mwanga. Huyu wa mwisho hakumtunga.

"Hapa," akasema, "hapa ni Changarawe. Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kibushuti. Inama, usije ukagonga kichwa."

Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa ainame. Akainama, akapita, akatokea juani upande wa pili wa mlima.

Bi Sikitu alikuwa anamngoja. "Umekawia."

"Nilikuwa kwa wazee."

"Wazee gani tena? Chui hayupo, na wewe bado unadanganya!"

Kibushuti akamtazama Mjusi. Mjusi akainua kichwa, akakishusha.

Basi nimelirudisha jiwe mahali pake. Atakaye kuligonga, aligonge. Funzo la hadithi hii ni hili: msiseme uongo, maana uongo haujamfaa mtu. Msitaje wazee ambao hawapo. Na mgeni akitaka kiti chenu, mpeni, tena msimwache mlangoni, mfikisheni mpaka ndani.

Chui Mabaka alikufa kabla ya mvua.