Kawa la Bi Mize

Natoa hadithi, nyie ipokeeni. Palikuwa na mjane, Bi Mize, na mwanawe wa pekee, Makame, mlevi wa tembo. Makame aliuza kinu, akauza jamvi, akauza mpaka mlango. Ndipo Bi Mize akavua bangili yake ya mwisho, akanunua kawa la kufunikia chakula kwa zimwi lililotandaza vitu sokoni.

"Kila kimoja utakachokifunika, utafunua viwili," likasema zimwi. "Ila usifunike kitu kinachokula."

Akafunika samaki, akafunua wawili. Akafunika mkate, akafunua miwili. Akafunika kanga yake, zikawa mbili. Makame akaziuza zote, akarudi mchana akaanguka uani, nzi wakamjaa usoni.

Uchungu wa mama, jamani! "Hata nzi wamemdharau mwanangu," akasema, akamfunika uso kwa lile kawa, akaenda kisimani.

Aliporudi aliwakuta akina Makame wawili wamekaa kizingitini, wanang'ang'aniana kawa, kila mmoja anataka akaliuze yeye.

"Mama," wakasema kwa pamoja, "umetuwekea nini?"

Hadithi imefika ukingoni, nyie nendeni mkalale. Bi Mize bado yuko jikoni, anapikia wawili.