Saa ya Mzee Shekuwe

Bwana Mbaruku aliponunua nyumba ya marehemu Mzee Shekuwe, aling'ang'ania na saa ya mkono iliyosahauliwa kabatini. Mafundi wa Ulaya waliifufua mitambo yake ya kale, wakaivisha kasha la dhahabu, mojawapo ya kumi tu duniani. Ilitembea siku moja, ikasimama.

Akamwita Mwanaidi, mjukuu wa marehemu. "Saa yenu ina nini?"

Mwanaidi aliipokea, akampa mgongo, akanong'ona. Ikatembea. Kesho yake ikasimama tena. Mwanaidi aliitwa mara tatu.

"Babu hajakuridhia, bwana."

"Basi ichukue na dhahabu yake! Sitaki mizimu kwangu!"

Nyumbani mama yake aliuliza, "Uliinong'oneza nini?"

"Nilimsalimia babu tu, huku naitia ufunguo, kama alivyofanya yeye kila asubuhi. Mwenzetu kazoea saa za betri."