Miwani Iliyopinduliwa

Ukiondoa mkwaruzo, bakisha kivuli. Mmemsikia shangazi yenu akinirushia maneno hayo nilipokuwa nikipiga msasa kabati la nakshi, mkacheka bila kujua mnacheka nini. Methali hii ilianza hivi, na ninaijua vizuri kwa sababu mjinga wake wa kwanza ni mimi.

Mama yangu, Kalunde, alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, siku chache kabla ya harusi ya binti yangu Nyamizi. Daktari alimkataza kwenda juani bila miwani nyeusi. Na jua la Tabora mnalijua. Bila miwani, bibi angeshinda ndani huku mjukuu wake akiolewa uani.

Nikaenda mnadani, nikachambua mitumba, nikapata miwani ya kahawia yenye jina kubwa la Ulaya kwa herufi za dhahabu. Ilijaa mikwaruzo. Mama akaijaribu mlangoni, akasema, "Inatosha. Naona kivuli kizuri."

Mimi haikunitosha. Mama yangu akae meza ya mbele na miwani iliyochakaa, wakwe watusemeje? Nilishasikia kwamba dawa ya meno huondoa mikwaruzo, nikataka kuona kama ni kweli. Asubuhi ya harusi nikaipaka kidogo kwenye kioo cha kulia, cha jicho lile lile bovu, nikasugua kwa pamba. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Nilifurahi mno! Nikasema, kumbe uchafu wa Ulaya nao umo, ila umejificha. Nikachukua pamba nyingine, na nyingine tena. Kila moja ilitoka na kahawia yake, nami nikazidi kutaka kujua uchafu huo utaishia wapi.

Kioo kikawa safi, hakina mkwaruzo hata mmoja. Nikampelekea mama kwa majivuno. Akaivaa, akatoka nje, mara akapiga ukelele na kuziba jicho.

"Mihambo, umefanya nini?"

"Nimetoa mikwaruzo, mama."

"Na kivuli changu umekipeleka wapi?"

Nikatazama pamba zangu. Kivuli kilikuwa pale, chote. Niliona aibu. Nikanyoosha mkono nijaribu kutengeneza, mama akaikumbatia miwani yake.

"Usiiguse!"

Akaigeuza taratibu, akaitazama, kisha akaipindua juu chini. Kioo cha kushoto, chenye kahawia yake na mikwaruzo yake yote, kikaja upande wa kulia. Masikioni haikukaa, kwa hiyo akaifunga kisogoni kwa uzi.

Ndivyo alivyoketi meza ya mbele siku ile, jina la Ulaya likisomeka kichwa chini, akapiga vigelegele kuliko wote. Na kila aliyekuja kumwamkia aliuliza, "Bibi, mbona miwani imepinduka?"

Naye alininyooshea kidole mbele ya wakwe, akajibu, "Mwulizeni huyo. Ukiondoa mkwaruzo, bakisha kivuli."