Kilemba cha Pumzi ya Fundi Mwinjaka

Hapo zamani, si ile ya mababu, ni zamani ya juzi tu ambapo watu wameshazoea kuiuliza simu njia ya kwao, alikuwepo mpiga zumari wa Mtaa wa Juu, jina lake Fundi Mwinjaka. Akipuliza, bibi harusi anatoka chumbani kabla hajaitwa na wali unaungulia jikoni. Anayebisha hakuwahi kumsikia.

Kila mwaka, siku ya ngoma kuu, Mtaa wa Juu hushindana na Mtaa wa Chini. Alasiri huwashwa udi wa kijiti, na wapiga zumari wawili huanza pamoja. Kazi ni kujaza hewa mashavuni, kuisukuma kwenye zumari, na huku pua inavuta nyingine, sauti isikatike. Atakayekatika pumzi kabla udi haujaisha, kilemba cha hariri kimekwenda mtaa wa pili.

Na kilikuwa kimekwenda miaka mitatu mfululizo. Mwinjaka alikuwa na sigara zake, pakiti moja na nusu kwa siku, miaka ishirini na sita. Udi ukifika nusu anakoholea ndani ya zumari, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Mtaa wa Chini walimtungia wimbo wa mbuzi huyo, na wimbo ulikuwa mzuri hata wanawe wakauimba. Mkuu wa ngoma akamwonya: akishindwa mara ya nne, zumari ya mtaa atapewa mtu mwingine.

Ndipo Dhulkifli, mtoto wa dada yake, fundi simu mwenye ndevu zake, alipomletea sigara ya umeme. Haina moto, haina majivu, unaichaji kama simu, na ndani mna maji yanayonukia embe. Dhulkifli alimweleza mjomba kwamba kinachoziba kifua ni moshi na lami ya kitu kinachoungua, na humu hakiungui kitu. Siku hiyohiyo Mwinjaka akazitumbukiza pakiti zake chooni. Mwezi haukuisha, kikohozi kikamhama.

Lakini sigara ina adabu moja: inaungua, inafika kwenye kichungi, unaitupa. Hii haina kipisi. Mwinjaka aliivuta akinywa chai, akaivuta akioga, akaivuta huku anawaeleza watu kwamba ameacha kuvuta. Tena akajiona mjanja kuliko walioitengeneza. Mvuke aliuweka mashavuni kama hewa ya zumari, akautolea puani, akaapa kwamba kifuani hakifiki kitu. Hilo ndilo kosa la mpiga zumari. Kifua chake kilikuwa kimefundishwa miaka yote kwamba shavu likijaa, nacho kivute.

Akikaa robo saa bila kuivuta, arosto, ile kiu ya kuvuta, inamkamata, mikono inamtetemeka na vidole vinayakosa matundu. Udi wa kijiti unawaka karibu saa nzima. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mbumbumbu: kikohozi kimeondoka, na kushindwa kuko palepale.

Zikiwa zimebaki wiki kumi, mkewe, Bi Mwatumu, akamkokota hadi zahanati kwa muuguzi aitwaye Nyamizi.

"Fundi," Nyamizi akasema, "shavuni nikotini inatambaa kama konokono. Kifuani imepanda farasi, hujahesabu ishirini iko kichwani. Sigara zilikuwa zikikupandisha farasi huyo mara thelathini kwa siku. Kwa hii unampanda asubuhi, hushuki."

"Mimi siimezi, binti. Naiweka shavuni tu."

"Haya, vuta nione."

Akavuta. Nyamizi akamwekea kiganja kifuani, na kifua kikapanda. Mwinjaka akakishusha kile kidude, akauliza afanye nini.

Muuguzi akamwekea miiko. Wiki hii asivute mpaka amalize chai, wiki ijayo mpaka saa nne, inayofuata mpaka adhuhuri, na arosto ikija ahesabu mpaka ipite, maana hupita. Mwinjaka alihesabu. Alihesabu mbuzi, alihesabu mabati, alimhesabia mkwewe meno. Na kila wiki arosto ilikuja imekonda zaidi, mpaka akaanza kujisifu kwamba inamwogopa.

Siku ya ngoma ikafika, udi ukawashwa. Kibwana Shoti wa Mtaa wa Chini alipuliza vizuri, kusema kweli. Udi ukafika nusu, Mwinjaka hakukohoa. Ukafika robo, vidole vyake vikatulia kama vya mtu anayesuka ukili wa mkeka. Ghafla mashavu ya Kibwana yakabonyea, sauti ikakatika. Mwinjaka akaendelea. Majivu ya mwisho yakaanguka, naye anaendelea, mpaka mpiga ngoma akamsihi aionee huruma mikono yake. Mtaa wa Juu ukalipuka kwa vigelegele, na wimbo wa mbuzi ukafia hapo.

Sasa, desturi ya kilemba kile ni kwamba mshindi hajivishi. Humvisha mtu aliyempa pumzi, na kwa kawaida ni mwalimu wake. Mwalimu wa Mwinjaka alikuwa ameshafariki. Wakasimama watatu kukidai.

Dhulkifli akasema, "Mjomba, bila mimi ungekuwa unakohoa mpaka leo. Kifua nilikisafisha mimi."

"Ulimtoa shimoni ukamtia kisimani," Nyamizi akamjibu. "Mimi ndiye niliyemwonyesha kamba inayomfunga, na saa za kuifungua. Pumzi ni yake kwa sababu alijua ukweli."

Bi Mwatumu akacheka, akamgeukia mumewe. "Baba Mishi, kichupa cha maji ya embe ulikuwa ukijaziwa na nani?"

"Na wewe."

"Basi kila Ijumaa nilipunguza maji yenye nikotini, nikazidisha yasiyo nayo. Hizi siku kumi na mbili umevuta harufu ya embe tupu. Hiyo arosto uliyosema inakuogopa, ni mimi niliyeinyima chakula."

Mwinjaka akakitoa kile kidude mfukoni, akakitazama, akakitupia kwenye majivu. Watu wakagawanyika. Mmoja alileta dawa yenye mnyororo. Mmoja alisema kweli, lakini aliyetetemeka kwa arosto si yeye. Mmoja alimdanganya mumewe wiki kumi kwa wema. Na wako waliopiga kelele kwamba aliyehesabu mabati ni Mwinjaka mwenyewe, desturi ivunjwe ajivishe.

Fundi amesimama, hariri iko mkononi, mitaa miwili inamtazama. Nyie mliokaa mkisikiliza, msinijibu kwa kuguna: kilemba ni kimoja tu. Nani alimpa Mwinjaka pumzi, na nani avishwe?