Ufunguo Shavuni mwa Kindi

Kwa jina la Mola aliyeumba mkono kwanza, kisha akaufundisha kuunda vyombo. Kisa hiki, wanangu, kimepokewa kwa Bi Mwanakheri, naye alikipokea kwa babaye, mchonga milango. Nasi twakisimulia kama kilivyotufikia.

Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzitia milango, palikuwa na karakana ya useremala. Fundi mkuu alikuwa Nyati. Mikono yake ilikuwa minene kama magogo, lakini ikishika patasi ilitoa maua juu ya mvule hata mtazamaji akatamani kuyanusa. Kindi, aliyepiga msasa milango hiyo, aliistahi mikono ile kuliko kitu chochote karakanani.

Msumeno wa umeme ukizibwa na vumbi, Nyati aliingiza mkono ndani kuyasafisha meno ya msumeno. Kabla ya hapo alinguruma, "Mkono ndani," na kila mmoja akajua kwamba swichi haiguswi. Ndiyo desturi waliyoirithi, na Nyati aliiamini. Lakini Kifaru, mpiga randa, alikuwa haoni mbali, na masikio yake yalijaa mvumo wa randa.

Siku moja Nyati alinguruma kama kawaida, akatia mkono. Kifaru, akipapasa kutafuta kikombe chake cha chai, akaiegemea swichi.

Ngwiiii.

Nyati aliuchopoa mkono. Meno yakaondoka na manyoya ya kifundo tu.

"Mwalimu," Kindi alisema, "mkono huo ukienda, nani atachonga?"

"Nilitangaza. Mimi nikinguruma, mlima unasikia."

"Mlima unasikia. Mzee Kifaru hasikii."

"Rudi kwenye msasa wako, mla njugu. Msumeno huu wanijua mimi."

Kindi akaona kwamba maneno matupu hayataingia kwenye kichwa kile chenye pembe. Kesho yake mafundi walipofika, walimkuta ametangulia, shavu lake la kushoto limevimba.

"Jino, mjukuu wangu?" Kifaru akauliza.

"Dawa, mzee. Maadamu iko shavuni, msumeno hauniumi. Nitaketi juu ya meno yake, nawe ubonyeze swichi."

Nyati alicheka hata vumbi la mbao likaruka. "Leo tutakula mishikaki ya kindi."

"Na nikitoka mzima, mwalimu? Utaichukua dawa hii, uivae kila utiapo mkono ndani?"

"Naapa kwa pembe zangu. Lakini ukiogopa ukashuka, karakana hii usiikanyage tena."

Kindi akarukia kwenye msumeno, akaukunja mkia, akaketi juu ya meno.

"Bonyeza, mzee wangu."

"Mimi? Nitamwambia nini mama yako?"

"Bonyeza."

Kifaru akafumba macho, ambayo hata yakiwa wazi hayakumfaa sana, akabonyeza. Ka. Kimya. Akabonyeza tena. Ka. Kindi akavunja njugu kwa shavu la kulia, kwaa, akaitafuna taratibu.

Nyati alipiga magoti. "Nipe dawa hiyo, dada yangu."

Kindi akashuka, akaitema mkononi mwa Nyati. Ulikuwa ufunguo wa sanduku la umeme lililokuwa ukutani, ufunguo uliokaa tunduni miaka mingi hata buibui wakautandia.

"Nimekata umeme pale na kulifunga sanduku kabla hamjafika," akasema. "Nikaujaribu msumeno mara mbili, usiamke, ndipo nikaketi. Ufunguo ukiwa kwangu, hata Tembo akiikalia swichi, meno hayazunguki."

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Nyati akainuka polepole. "Umenichezea."

"Nimekuchezea, mwalimu. Nawe umeapa kwa pembe."

Kiapo ni kiapo. Nyati akautia ufunguo kamba, na tangu hapo akawa anakata umeme, anafunga sanduku, anaujaribu msumeno, anauvaa ufunguo shingoni. Huku akinung'unika kwamba amevishwa kengele kama mbuzi.

Siku ya tatu mkono wake ulikuwa ndani ya msumeno hadi kwenye kiwiko. Kifaru alikuwa anatafuta kikombe chake.

Ka.

"Samahani," Kifaru akasema, "nimegusa kitu?"

Nyati aliutoa mkono, akaugeuza juu na chini, akavitazama vidole kimoja kimoja. Kisha akaushika ufunguo ule kifuani, akaushikilia kitambo.

Mlango uliofuata, Kindi akiupiga msasa, alikuta katikati ya maua kindi mdogo aliyechongwa kwa ustadi mkubwa, shavu lake moja limevimba. Hapo alipitisha msasa kwa upole sana.

Funzo lake, wanangu: atiaye mkono ndani ya mashine, akae na ufunguo wake mwenyewe.

Mola awabariki mliotega masikio, awahifadhie vidole vyenu kumi, na kila mtokapo kwenda kazini awarudishe nyumbani wazima kama mlivyoondoka. Amina.